Misumari ya Leonardi

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati Hilaria akiwa barazani anapeta ulezi. Lilibingirika mpaka ukingoni, likaangukia kuku, kuku wakatawanyika. Hilaria hakusimama. Aliendelea kutikisa ungo taratibu, kama mtu aliyesikia anaitwa na asiyetaka kumwitikia. Jiwe la pili lilivunja kioo cha dirisha la chumba cha mama mkwe wake.

"Ni watoto," alisema Beda, mumewe, akitoka zizini na ndoo ya maziwa.

"Watoto wako shuleni."

Beda alitazama dirisha, kisha akatazama njia iendayo kwa jirani yao Adolfu. Hapakuwa na mtu. Aliweka ndoo chini, akaingia ndani kuokota vipande. Mama yake, Bibi Mariana, alikuwa ameketi kitandani na blanketi mabegani, chenga za kioo zimemjaa mapajani, akiuliza ni mvua gani ya mawe inanyesha mwezi wa Julai. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na sasa yaliona vivuli tu. Masikio yalikuwa mazima. Beda akamwambia ni upepo.

"Upepo wa Kasense siku hizi una mikono," alisema Bibi Mariana.

Wote nyumbani walijua mawe yanatoka wapi, na walijua yalianza siku ile Faith alipoteremsha vitu vya darini akavianika uani.

Faith alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa anasomea usanifu wa meli Dar es Salaam, jambo ambalo watu wa Kasense walilisikia kama mzaha, maana huku juu maji makubwa kuliko yote ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Alikuja likizo na kazi ya chuo: achague mtu mmoja aliyebuni vyombo vya majini, achunguze alijifunza wapi, alitengeneza nini, na kwa njia gani. Wenzake walichagua Wazungu. Faith alimchagua Leonardi, baba yake Bibi Mariana, ambaye picha yake haikuwepo na ambaye ukoo ulikumbuka mambo mawili tu juu yake: kwamba aliteremka ziwani akiwa kijana, na kwamba alirudi mzee, mguu mmoja haukunjiki.

Faith na Beda walikwenda Kabwe, bandari ya ziwani. Huko walimkuta Mzee Sudi, fundi wa boti ambaye utotoni alimbebea Leonardi tezo na patasi. Mzee Sudi alicheka aliposikia wanatafuta michoro. Leonardi hakuwahi kuchora kwenye karatasi, alisema. Mwenye mali akija kutaka boti, Leonardi alichonga nusu ya boti kwenye mninga, urefu wa mkono wa mtu, kana kwamba boti imepasuliwa katikati kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Upande mmoja tu, kwa kuwa wa pili ni huohuo. Mwenye mali aliipapasa nusu hiyo, akasema tumbo liongezwe, au kidevu kiinuliwe kwa ajili ya mawimbi ya kusi, wakabishana mpaka wakaafikiana. Ndipo Leonardi alipopigilia misumari mgongoni mwa ule mti, upande uliobinuka, vichwa vikibaki nje, kila msumari mahali litakaposimama taruma, yaani ubavu mmoja wa boti. Akapima kwa uzi kutoka kwenye msumari hadi ukingoni, akakuza kipimo, akaanza kujenga. Nusu zile hakumwachia mtu. Fundi mwenzako akikipata kiolezo chako, Mzee Sudi alisema, amekuibia mkono.

Kwa hiyo Leonardi aliporudi juu alizibeba, na alipokufa, binti yake Mariana alizificha darini kama alivyoagizwa. Kila kipupwe alipanda huko peke yake, akazipaka mawese zisipasuke kwa ukavu. Hilaria aliolewa katika nyumba hiyo akaambiwa asiguse dari. Miaka yote alisikia mama mkwe akitambaa juu ya kichwa chake, akamwona anateremka mikono imekuwa myekundu, na hakuuliza. Mkamwana haulizi. Lakini mtu asiyeuliza hujijibu mwenyewe, na majibu ambayo Hilaria alijijibu hayakuwa mazuri.

Faith alizipangusa, akazipaka mawese mapya, akazilaza kwenye mkeka juani azipige picha. Adolfu alikuwa anapita. Mwanawe Kelvin, dereva wa bodaboda, aliumwa kichwa Jumanne, akafa Alhamisi, na arobaini yake ilikuwa bado. Adolfu aliona vitu vyenye umbo la majeneza yaliyopasuliwa, vyekundu, vinavyong'aa, vimejaa misumari yenye kutu. Alisimama pale njiani kwa muda mrefu. Faith alimwamkia shikamoo. Hakuitikia.

* * *

Wanawake walimuuliza Hilaria mashineni, wakisubiri zamu ya kusaga. Hawakumuuliza kwa ubaya. Mmoja alisema tu kwamba baba Kelvin ameona vitu kwenu, ni vitu gani?

"Mimi sijui," Hilaria alisema. "Ni vya mama mkwe. Vilikuwa darini tangu naolewa, na nilikatazwa kuvigusa."

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini alilisema lile "sijui" kwa kuvuta, akishusha macho, na alipolisema aliona nyuso za wenzake zikisogea karibu, akapata raha ndogo ya mtu anayesikilizwa. Raha hiyo haikumfikisha nyumbani. Njiani, debe la unga kichwani, alianza kutamani arudi aliseme tena kwa namna nyingine. Hakurudi.

Kesho yake bombani foleni ilijigawa alipofika, wakamwachia nafasi pana. Hellena, mama yake Kelvin, alikuwa mbele na kanga nyeusi. Walikuwa wameimba kwaya moja tangu usichana. Hilaria alitega ndoo, Hellena akaigeuza kwa mguu, maji yakamwagika. Hilaria aliitega tena, Hellena akaigeuza tena. Mara ya tatu Hilaria aliinama kuiokota, na Hellena akampiga kofi la sikio, kisha la pili, kisha akamshika nywele na kumkokota kwenye tope mpaka akachoka mwenyewe. Hakuna aliyewaamulia. Hellena alikuwa analia kuliko aliyepigwa.

"Unakula na yule bibi chungu kimoja," alimwambia. "Unaujua usiku wake. Mwanangu alikuwa anamletea sukari kwa pikipiki, bure."

Hilaria alirudi nyumbani na ndoo tupu. Jioni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa aliwatumia ujumbe kwamba sala ya wiki hiyo, ambayo ilikuwa ifanyike kwao, imehamishiwa kwingine kwa sababu zisizozuilika.

Siku iliyofuata walimkuta ng'ombe wao wa maziwa amelala zizini, mishipa ya miguu ya nyuma imekatwa kwa panga, anajaribu kusimama na kuanguka, kusimama na kuanguka. Beda alichukua kisu akammalizia mwenyewe. Alichuna, akatundika nyama barabarani kama desturi. Watu walipita wakiangalia upande mwingine. Alishusha bei, akashusha tena, mwisho akasema wachukue watalipa wakivuna. Mpaka jioni mbwa peke yao ndio walikuwa wamesogea. Beda alichimba shimo akaifukia nyama nyuma ya zizi, akiwa amevua shati.

Kisha alioga akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwa sauti ya upole kwamba yeye haamini mambo hayo hata kidogo, ila angemshauri ampeleke mama kwa ndugu kwa muda. Beda akamuuliza kwa nini asiitwe Adolfu akakanywa.

"Kijana wangu," mwenyekiti alisema, "mimi haya siyaamini, lakini na mimi nina watoto."

Beda alimweleza mkewe maneno hayo jikoni. Hilaria alikuwa anasonga ugali. Alitaka kumwambia alichokisema mashineni, akafungua mdomo, akasema chumvi imekwisha.

* * *

Walikuja Jumapili baada ya misa, na nguo zao za kanisani. Hilo ndilo lililomshangaza Hilaria kwanza, jinsi walivyopendeza. Mbele alikuwa Adolfu na koti la suti aliloshonewa kwa maziko ya mwanawe. Nyuma yake vijana wa bodaboda, marafiki wa Kelvin, na nyuma yao watu wa mtaa, wengine wakiwa na mawe, wengine mikono mitupu, wamekuja kuona.

Beda alitoka mlangoni na kuinua mikono. Alianza kusema karibuni, tuzungumze. Jiwe lilimpata juu ya sikio kabla neno halijaisha, akakaa chini kama aliyeambiwa akae, damu ikajaa kwenye kola. Vijana wawili walimburuta pembeni wakampiga mateke, si kwa hasira bali kwa bidii, kama wanaopura maharage. Mmoja alikuwa amesoma na Faith.

"Mshikaji, mwenye nyumba si alisema karibuni?" alimwambia mwenzake, na baadhi wakacheka.

Adolfu aliinua mkono, kicheko kikakoma. Alisema hawakuja kuua. Wanataka bibi atoke, avitoe vitu vyake, aseme ni nani wengine aliowapigilia humo, na amwambie yeye baba mtu msumari wa Kelvin ni upi. Hilaria, aliyekuwa nyuma ya mlango, aliona kwamba mtu huyu hakuwa amelala kwa siku nyingi, na kwamba asingeweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Ndipo Faith alipotoka. Mama yake alimdaka kanga, kanga ikabaki mkononi. Faith alikuwa amekumbatia nusu za boti kifuani, na kwapani kioo cha ukutani. Alizipanga juu ya mkeka mbele yao, akasema ataonyesha. Alieleza kazi ya misumari, alieleza taruma, alieleza mawese. Alisema Leonardi alikuwa msanifu wa meli. Kisha akachukua nusu moja, akaibandika upande wake bapa kwenye kioo, na ndani ya kioo ikajitokeza nusu ya pili, boti nzima, nzuri, yenye kidevu kilichoinuka, kana kwamba inaelea mikononi mwake.

"Mnaiona?" alisema Faith. "Ni boti. Upande wa pili ulikuwepo siku zote."

Waliiona. Mwanamke mmoja nyuma alipiga ishara ya msalaba. Hakuna mtu pale asiyejua kioo ni cha nini, kwamba waganga huwatazamisha watu humo wawaone waliowaroga, na kwamba kisichokuwepo kikionekana kiooni kimeitwa na mtu. Msichana wa chuo amekiita mchana, mbele ya macho yao.

Jiwe lilikipiga kioo, na kipande kikampasua Faith kidevu. Baada ya hapo hapakuwa na maneno. Walimsukuma akaanguka, wakapita juu yake. Waliingia ndani, na Hilaria alisikia kabati likianguka, vyombo, kitanda. Wakamtoa Bibi Mariana kwa kumburuta miguu, nguo imempanda mpaka kiunoni, kichwa kikigonga kizingiti na ngazi. Bibi hakupiga kelele. Alikuwa anauliza tu, kwa Kifipa, ni nani, ni nani huyo aliyenishika. Wakamlaza katikati ya uwanja. Fimbo ya kwanza ilimvunja mkono aliouinua usoni. Hilaria aliusikia ukivunjika, kama kuni.

Walikusanya zile nusu, wakazimwagia mafuta ya taa ya jikoni kwa Hilaria mwenyewe, wakawasha. Mninga uliokunywa mawese kwa miaka sitini ulishika moto mara moja. Nusu moja ilibingirika kutoka kwenye rundo kabla haijashika moto, ikasimama karibu na mguu wa Hilaria, ambaye sasa alikuwa ametoka nje.

"Mama Faith," Adolfu alisema.

Watu walimfungulia njia. Hilaria alisogea hatua moja.

"Wewe ndiye uliyesema mashineni. Mke wangu ameniambia, na wengine wamesikia. Hatuna ugomvi na wewe, wewe umeolewa tu. Sema tena mbele yake. Sema ulichokuwa unakiona, halafu uchukue mtoto wako uende."

Bibi Mariana aligeuza kichwa upande ilikotoka harufu ya mkamwana wake, harufu ya ulezi na moshi. Damu ilikuwa imemjaa kinywani. Alisubiri kusikia, kama wote walivyokuwa wanasubiri.

"Nilisema sijui," Hilaria alisema. "Sasa najua. Ni boti, baba Kelvin."

Adolfu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Alichukua fimbo kwa kijana aliyekuwa karibu, akamgeukia bibi, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

Hilaria hakukumbuka baadaye kwamba aliinama. Alikumbuka ule mti mkononi, ulikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na mtelezi. Alimpiga nao Adolfu usoni, upande wa misumari. Misumari iliingia shavuni ikatoka, akampiga tena, ikamchana kutoka sikio hadi mdomoni, na fimbo ikaanguka. Alimpiga mara nyingine Adolfu akiwa amepiga magoti. Angeendelea, lakini kimya kilimfanya anyanyue macho.

Walikuwa wamerudi nyuma. Wote, hata wale vijana. Hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanakitazama kile kitu mkononi mwake, kinachodondosha damu na mawese, na misumari ambayo sasa imeingia mwilini mwa mtu. Hilaria aliwasoma nyusoni. Alielewa kwamba hata Faith angesimama pale miaka yote akieleza, wasingeelewa, na kwamba wakati huohuo kulikuwa na jambo moja walilolielewa barabara.

Akauinua ule mti juu.

"Bado ina misumari," alisema. Sauti ilitoka ikiwa tulivu, akaiogopa mwenyewe. "Kila mmoja nimeshamwona sura. Nani anautaka wa kwake?"

"Mama," Faith alisema kutoka chini, kidevu kinavuja. "Mama, usiseme hivyo. Si kweli."

"Nyamaza." Akapiga hatua moja mbele. Watu wakarudi hatua tatu. Akamtaja kijana wa kwanza kwa jina, jina la ubatizo na la ukoo, akamnyooshea ule mti. Kijana aligeuka akakimbia, akaiacha pikipiki ikiunguruma, na walipomwona anakimbia wote wakakimbia, viatu vya misa vikiwachomoka njiani. Wawili walimbeba Adolfu. Uwanja ukabaki na moto, na vioo, na Beda anayejaribu kutambaa.

Hilaria alikaa chini kwenye vumbi, akakiweka kichwa cha mama mkwe wake mapajani.

"Wamekwenda?" Bibi Mariana aliuliza.

"Wamekwenda, mama."

Bibi alikusanya pumzi. "Sasa itabidi uwe mimi," alisema.

* * *

Polisi walikuja, wakaandika, wakawapeleka majeruhi hospitali. Hakuna aliyekuwa ameona chochote. Beda alishonwa kichwa, Faith kidevu, Bibi Mariana alifungwa mkono na akaambiwa mifupa ya umri wake haina haraka. Walijibanza kwa binamu wa Beda mjini, wote wanne katika chumba kimoja, na kila watoto wa mwenye nyumba walipoingia waliitwa nje. Kwa jinsi hiyo wakajua kuwa habari imeshawatangulia. Ilikuwa habari mpya. Mchawi hakuwa bibi tena. Mchawi alikuwa Hilaria, na bibi alikuwa amemrithisha.

Mzee Sudi alipiga simu kutoka Kabwe. Alisema kuna chumba nyuma ya karakana, na kwamba mtoto wa Leonardi hawezi kukosa pa kulala mahali ambapo boti ya Leonardi bado inavusha watu. Basi wiki iliyofuata wakakodi lori dogo, Kenta, wakarudi Kasense kubeba kilichobaki.

Hakuna aliyewarushia jiwe. Njia ilikuwa tupu, milango imefungwa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko mawe. Beda alipakia jembe, magunia ya ulezi, kitanda. Bibi Mariana waliwahi kumweka mbele kwa dereva, na ile nusu moja iliyopona ikiwa mapajani mwake, imefunikwa kanga. Faith hakuwa amezungumza na mama yake tangu siku ile, isipokuwa ya lazima. Alikuwa ameandika kurasa mbili za kazi ya chuo akazifuta.

Gari lilipokuwa linawashwa, Hellena akatokea. Alikuja amevua viatu, ameshika kuku jike kwa miguu. Alisimama mbali na Hilaria, karibu na zizi, akapiga magoti.

"Usipige magoti, mama Kelvin."

Hellena hakuinuka. Alisema mumewe ana homa. Kidonda kinanuka. Tangu jana taya halifunguki vizuri, anakunywa uji kwa kuufyonza, na shingo imekaza. Wamemwambia aende hospitali, anakataa, anasema hospitali haitoi msumari wa mtu. Anasema aliyeupigilia ndiye atakayeung'oa, na kama hataki basi yeye atamfuata Kelvin.

"Nimezika mmoja," Hellena alisema. "Chukua kuku. Sina kingine. Tuliimba pamoja, Hilaria."

Faith alikuwa ameshashuka garini. "Ni pepopunda," alisema haraka. "Mama Kelvin, hakuna uchawi, ile misumari ilikuwa na kutu, inabidi achomwe sindano leo hii, mwambie mama hawezi..."

Hilaria alimwekea binti yake mkono mdomoni. Aliuweka kwa upole, chini kidogo kulikuwa na nyuzi. Alimtazama Hellena, akaona kwamba maneno ya Faith yamempita kama yanavyopita magari. Akiambiwa hakuna uchawi, Hellena atarudi na kusema wamekataa. Adolfu atalala aufumbe mdomo afe. Na siku atakayokufa, watu watawafuata; Kabwe si mbali.

"Baba Faith," Hilaria alisema. "Niletee koleo."

Alikwenda kwenye dirisha la dereva akaiomba ile nusu. Bibi Mariana aliitoa bila kuuliza. Hilaria aliilaza juu ya gogo la kupasulia kuni, mbele ya Hellena, akaukamata msumari wa katikati, mrefu kuliko yote. Alitaka wa pembeni, lakini alijua Hellena atasimulia, na Adolfu atauliza. Faith alimwona anaukamata, akafumba macho.

Msumari ulilia ukitoka. Hilaria aliufunga kwenye jani la mgomba, akampa.

"Mpe auone. Mwambie nimeung'oa kwa mkono wangu na sina neno naye. Lakini ulikaa mwilini, umeacha sumu, na sumu hiyo inatolewa kwa sindano ya hospitali. Aende leo. Jua likizama hajachomwa, msumari utarudi wenyewe, na mimi sitakuwepo wa kuung'oa."

"Nitamwambia."

"Kama hivyo hivyo nilivyosema."

"Kama hivyo hivyo."

Hilaria akachukua kuku. Asingemchukua, Hellena asingeamini. Walitazamana kidogo, wanawake wawili wa kwaya, kila mmoja ameshika kitu cha mwenzake. Kisha Hellena akainuka, akaondoka kwa mwendo wa haraka, na kabla hajafika njiani akaanza kukimbia.

Kenta liliteremka kutoka Kasense likiyumba kwenye makorongo. Nyuma, juu ya magunia, Faith alikaa ubavuni mwa mama yake na kuku miguuni. Walikwenda hivyo mpaka nyumba za mwisho za mji.

"Ulikuwa msumari wa taruma kubwa," Faith alisema mwishowe. "Vipimo vyote vya boti ile vinaanzia hapo."

"Najua. Ulinieleza."

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Waliposimama kujaza mafuta, Hilaria alishuka kwenda kumtazama mama mkwe wake. Alimkuta ameifunua ile nusu, anaipapasa kwa mkono mzima, polepole, kutoka tezi kwenda omo, kidole kikihesabu vichwa vya misumari. Kilifika katikati kikasimama.

"Umeutoa wa hapa."

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

Bibi Mariana alikitia kidole kwenye tundu. Kiliingia ncha tu. Alikizungusha humo, ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu kwa mbali.

"Tundu lipo," alisema. "Fundi akipapasa atajua pa kulisimamisha taruma."